Kutoka kidato cha pili hadi Aljebra 1: je, mwanangu amerudishwa nyuma?

SWALI: Habari za kazi, mwalimu. Mwanangu alifanya mtihani wa kidato cha pili Tanzania mwezi Novemba, kisha mambo ya safari yakamweka nyumbani mpaka tulipohamia huku Marekani. Shule imemwandikisha darasa la 10 kuanzia Agosti, lakini kwenye hisabati wamempanga Aljebra 1, pamoja na watoto wa darasa la 9. Yeye ameshasoma vipeo na vipeuo, milinganyo ya kipeo cha pili, logi, Pithagorasi, mwanzo wa trigonometria, seti na takwimu. Mshauri wa wanafunzi anasema hawezi kuruka Aljebra 1 kwa sababu haimo kwenye matokeo yake. Kijana anataka uhandisi. Nikubali au nipigane? Na hizi kozi zinafuatana vipi? Sielewi mtu anawezaje kusoma jiometri peke yake mwaka mzima.

JIBU: Salama, mama. Kabla ya kupigana, omba apimwe. Shule nyingi zina mtihani wa kumpangia mwanafunzi kozi, na pale ambapo haupo, mkuu wa idara ya hisabati anaweza kumpa mwanao mtihani wa mwisho wa Aljebra 1 uliofanywa mwaka uliopita. Kwa mada ulizoorodhesha, sioni sababu ya kijana huyu kukaa Aljebra 1 mwaka mzima. Ila lipo pengo moja ambalo lazima lizibwe kwanza, na nitalieleza, maana ndilo linalowaangusha watoto wengi wanaotoka kwetu.

Mkanganyiko wote unatokana na namna somo linavyokatwa. Tanzania hisabati hukatwa mlalo: kila kidato kina kipande cha aljebra, kipande cha jiometri na kipande cha takwimu, na mwaka unaofuata unapandishwa tabaka jingine juu ya vyote. Marekani, katika majimbo mengi, hukatwa wima. Mwaka mmoja ni aljebra, mwaka mwingine ni jiometri. Kozi zinafuatana hivi: Aljebra 1, Jiometri, Aljebra 2, Prekalkulasi, Kalkulasi. Sekondari ya juu ni miaka 4, darasa la 9 hadi la 12, ilhali kozi ni 5. Kwa hiyo anayeanza Aljebra 1 darasa la 9 humaliza na Prekalkulasi. Anayefika Kalkulasi ama aliianza Aljebra 1 akiwa darasa la 8, ama mahali fulani njiani alisoma kozi mbili katika mwaka mmoja. Mwanao akianza Aljebra 1 darasa la 10, akaenda kozi moja kwa mwaka, ataishia Aljebra 2. Kwa mtoto wa uhandisi hapo ni pabaya.

Sasa jiweke kwenye kiti cha mshauri. Anafungua matokeo kutoka Tanzania, anakuta neno moja, hisabati, na alama mbele yake. Hakuna mahali palipoandikwa Aljebra 1 wala Jiometri. Yeye hutafuta majina ya kozi, haulizi mtoto anajua nini. Asipoyaona, humrudisha mwanzo wa foleni. Sidhani kuna nia mbaya. Mpelekee orodha ya mada za kidato cha kwanza na cha pili, zimetafsiriwa, na ikiwezekana daftari moja au mawili ya kijana. Daftari lenye milinganyo ya kipeo cha pili iliyokokotolewa hatua kwa hatua lina nguvu kuliko barua yoyote utakayoandika.

Ukizigawa mada zake katika kozi za huku, utaona zimetawanyika. Vipeo, kutafuta vigawo na milinganyo ya kipeo cha pili ni Aljebra 1. Pembetatu zinazolingana na zinazofanana, Pithagorasi, na saini na kosaini za pembetatu yenye pembe mraba ni Jiometri. Logi ziko Aljebra 2. Kijana ana mguu katika kozi 3 na hakuna hata moja aliyoimaliza. Kwa hiyo mshauri hajakosea kabisa, na wewe pia hujakosea.

Pengo nililolitaja ni fankisheni, yaani kanuni inayopokea namba na kutoa jibu moja tu kwa kila namba. Aljebra 1 ya Marekani imejengwa juu yake: mstari ni fankisheni, mteremko wake ni kasi ya mabadiliko, na mchoro, jedwali na kanuni ni sura tatu za kitu kilekile. Kwa mpangilio ambao watoto wetu wamekuwa wakiufuata miaka mingi, fankisheni huja kidato cha tatu. Mwanao aliondoka mlangoni. Anaweza kukokotoa mlinganyo vizuri kuliko wenzake wa huku, kisha akakwama mbele ya f(x) akidhani ni f mara x.

Mjaribu mwenyewe leo jioni, bila kikokotoo. Mpe 3(x − 2) = 5x + 4; jibu ni −5, na ninatarajia alipate ndani ya dakika moja. Mpe x² − 5x − 14 atafute vigawo. Ni (x − 7)(x + 2). Kisha muulize mstari unaopita katika nukta (2, 3) na (6, 11) una mlinganyo gani. Mteremko ni 2, mlinganyo ni y = 2x − 1. Hapa msikilize vizuri, kwa sababu wengi hupata ile 2 na hawajui waifanye nini. La nne: f(x) = x² − 3x, tafuta f(−2). Jibu ni 10. La mwisho, shilingi 500 zinaongezeka kwa asilimia 4 kila mwaka juu ya jumla ya mwaka uliotangulia. Aandike kanuni ya kiasi kitakachokuwapo baada ya miaka t. Ni 500 × 1.04 ikiwa na kipeo t. Akipata mawili ya kwanza na kushindwa matatu ya mwisho, ndivyo ninavyobashiri, basi ana kazi ya wiki 6 hadi 8 za likizo. Akishindwa la kwanza au la pili, nitabadilisha ushauri wangu wote: mwache Aljebra 1 na usimwonee aibu.

Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kukosea. Mwaka wangu wa pili kufundisha huku, mzazi mmoja aliniomba nimuunge mkono ili mwanawe aruke moja kwa moja hadi Aljebra 2, na mimi, kwa kuwa kijana alikuwa mwepesi wa kukokotoa, nikakubali. Hadi Oktoba walikuwa wameingia kwenye kuhamisha michoro, yaani f(x − 3) inasogeza mchoro upande gani na kwa nini ni kulia na si kushoto. Kijana hakuwa na mahali pa kushikia. Alirudishwa katikati ya muhula, na aibu ile ilimkaa kuliko ambavyo angeumia kuanza chini tangu mwanzo. Tangu hapo sikubali mtoto aruke kozi kabla sijamwona anachora.

Kuhusu jiometri ya mwaka mzima: si kuhesabu eneo na mzingo tu. Sehemu kubwa ni uthibitisho. Mwanafunzi anapewa jambo linaloonekana wazi kwa macho, mathalani kwamba pembe za kitako za pembetatu pacha, yaani yenye pande mbili sawa, ni sawa, kisha anatakiwa alithibitishe hatua kwa hatua, kila hatua na sababu yake. Halafu kuna duara, mjao, jiometri ya nukta kwenye grafu, na trigonometria. Aljebra inayohitajika humo ni ile ya Aljebra 1, haizidi hapo, na Aljebra 2 nayo haiitegemei sana Jiometri. Hivyo kozi hizo mbili zinaweza kusomwa pamoja mwaka mmoja. Si uvumbuzi mpya. Ile Kamati ya Watu Kumi iliyoundwa Marekani mwaka 1892 kupanga masomo ya sekondari, ambayo Charles Eliot wa Harvard aliiongoza, ilipendekeza aljebra ianze peke yake mwaka mmoja, kisha jiometri na aljebra ziende sambamba miaka miwili. Shule zikachagua kuzipanga foleni, labda kwa urahisi wa ratiba.

Kwa hiyo ombi lako kwa shule lingekuwa hili: apimwe Aljebra 1, akifaulu, darasa la 10 asome Jiometri na Aljebra 2 kwa pamoja, la 11 Prekalkulasi, la 12 Kalkulasi. Mzigo ni mzito, na lugha ya kufundishia huku inaongeza uzito, hasa kwenye uthibitisho ambako lazima aandike sentensi. Kama ratiba hairuhusu, au kama unaona atachoka, Jiometri peke yake darasa la 10, Aljebra 2 la 11 na Prekalkulasi la 12 ni njia ya heshima. Vyuo vingi humpokea mwanafunzi wa uhandisi aliyeishia Prekalkulasi na kumwanzisha Kalkulasi mwaka wa kwanza. Vyuo vinavyogombewa sana ndivyo huitarajia sekondari. Njia ya tatu ni kusoma Jiometri wakati wa likizo ya kiangazi. Sipendi sana: mwaka mzima wa uthibitisho ukifinywa katika wiki chache, mtoto hukariri tu.

Prekalkulasi yenyewe sina mengi ya kusema. Ni trigonometria kwa undani, polinomia, logi tena, na maandalizi ya Kalkulasi. Kalkulasi ya sekondari mara nyingi husomwa kwa mpango wa AP, yaani kozi za kiwango cha chuo zinazosomwa sekondari, wa shirika la mitihani la College Board, wenye mtihani wa alama 1 hadi 5, na vyuo vingi humsamehe mwanafunzi kozi ya mwaka wa kwanza akipata alama za juu. Kuna kozi mbili za AP za Kalkulasi, AB na BC. BC ina yote ya AB na kuongeza mifululizo isiyo na mwisho na mengineyo. Kwa kijana wako AB inatosha.

Angalia mambo mawili kabla ya kikao. La kwanza, jimbo. Ukiwa North Carolina au Utah, huenda nimekuchosha bure, kwa sababu huko sekondari zinafuata Hisabati 1, 2 na 3 zilizokatwa mlalo kama zetu, na hapo swali linakuwa aingie ya pili au ya kwanza. La pili ni krediti, yaani hesabu ya kozi alizofaulu ambayo shule huitumia kumhitimisha. Kuruka kozi si sawa na kupewa krediti yake. Majimbo mengi yanadai krediti 3 au 4 za hisabati ili mtoto ahitimu, na mengine, Florida mojawapo, yana mtihani wa jimbo wa Aljebra 1 unaohusiana moja kwa moja na kuhitimu. Uliza, na uombe jibu kwa maandishi: je, matokeo ya Tanzania yatahesabiwa kama krediti ya Aljebra 1, na je, atalazimika kufanya mtihani wa jimbo hata kama hakukaa darasani? Nimeona mtoto wa darasa la 12 akigundua mwezi wa tatu kwamba anadaiwa mtihani ambao wenzake waliufanya miaka mitatu nyuma.

Jambo dogo la kando: kijana amezoea majedwali ya hisabati, na huku atapewa kikokotoo kinachochora grafu. Wiki ya kwanza ataonekana mshamba, ya tatu atakuwa amekizoea, na ule wepesi wake wa kukokotoa kichwani utaanza kuwashangaza wenzake. Mwache ajifunze kuchora kwa mkono kwanza.

Shule nyingi huruhusu kubadilisha kozi katika wiki chache za mwanzo wa muhula, baada ya hapo milango inafungwa hadi mwaka unaofuata. Kwa hiyo usisubiri Agosti. Andika barua pepe kwa mshauri wiki hii na nakala kwa mkuu wa idara ya hisabati. Ukinitumia majibu ya kijana kwa yale maswali matano, pamoja na jina la jimbo, nitakuandikia mada za kumfundisha likizo hii, moja baada ya nyingine.