Kabla hujasema jina la uvimbe: kwa wanaoanza kusoma slaidi za ubongo

Kipande kimeletwa kutoka upasuaji, rangi imekaa vizuri, na mkono unaenda wenyewe kwenye darubini. Uzuie kwanza. Soma fomu, kisha fungua picha za MRI. Unatafuta mambo manne: umri wa mgonjwa, mahali uvimbe ulipo, dalili zilianza lini, na dawa alizokwisha kutumia. Mtoto mwenye uvimbe kwenye serebela, ubongo mdogo wa nyuma, anakupeleka kwenye aina tatu za uvimbe: medulloblastoma, ependimoma au astrositoma ya pilositiki. Mtu wa miaka 65 mwenye uvimbe unaong'aa kama pete kwenye ubongo wa juu anakupeleka kwenye glioblastoma, saratani kali inayoanzia kwenye ubongo wenyewe, au saratani iliyosafiri kutoka kwenye pafu, titi au ngozi. Hiyo ya pili wanafunzi huisahau, ingawa kwa watu wazima saratani zinazohamia kwenye ubongo ni nyingi kuliko zinazoanzia humo.

Mimi nilijifunza hili kwa aibu. Nilikuwa mwaka wa pili wa mafunzo, simu ikaja kutoka chumba cha upasuaji: mama wa miaka thelathini na kitu, fuvu limeshafunguliwa, wanataka jibu la haraka kutoka kwenye kipande kilichogandishwa. Niliona seli nyingi, astrositi (seli zinazotegemeza neva) zilizovimba, na hapa na pale kiini kilichokatika vipande kama seli inayogawanyika. Nikajibu "glioma ya daraja la juu", yaani uvimbe mkali wa seli zinazotegemeza neva, kwa sauti ya mtu aliyebobea. Mwalimu wangu akaketi kwenye kiti changu, akasogeza slaidi taratibu, akaniuliza, "Na hizi zenye povu ni nini?" Zilikuwa makrofaji, seli zinazokula mabaki, zimejaa kila mahali. Nilikuwa nimezipita kama mtu anavyopita nyasi njiani. Tukafungua MRI: pete yenyewe haikufunga, ilikuwa wazi upande mmoja. Mama yule alikuwa na ugonjwa unaobomoa mayelini, ala inayofunika neva, ule unaojifanya uvimbe. Mwalimu alipiga simu mwenyewe kabla daktari hajaendelea kukata.

Tangu siku hiyo nikiona makrofaji nyingi kwenye kile kinachoitwa glioma ambayo haijatibiwa, nasimama. Ila makrofaji nazo zina mtego wake, na hapo ndipo swali la dawa linapokuja. Limfoma ya ubongo, saratani ya seli za kinga, huyeyuka kwa steroidi. Mgonjwa akipewa deksamethasoni, mojawapo ya steroidi hizo, siku chache kabla ya kuchukuliwa kinyama (kipande kidogo cha kupimwa), unaweza kuletewa kipande ambacho seli za limfoma zimekufa na kuondolewa, zimebaki makrofaji na seli za kawaida zilizokasirika. Kwa hiyo, limfoma ikishukiwa na mgonjwa hayuko hatarini kwa shinikizo ndani ya fuvu, waombe wenzako wa wodini wasubiri kinyama kwanza. Dawa ikiwa imeshatolewa, waiandike kwenye fomu.

Neno moja kuhusu kugandisha kipande ili kupata jibu la haraka: ubongo una maji mengi, na barafu huchana tishu hadi viini vinaonekana vya ajabu kuliko vilivyo. Chukua chembe ndogo uipake kwenye kioo, viini utaviona vizuri zaidi. Na usigandishe kipande chote! Utahitaji kilichobaki.

Utakihitaji kwa sababu tangu toleo la 2016 la uainishaji wa uvimbe wa Shirika la Afya Duniani (WHO), na zaidi lile la 2021, sura peke yake haitoshi kuupa uvimbe jina. Glioma mbili zinaweza kufanana kwenye kioo kama mapacha: moja ina badiliko la jeni ya IDH na imepoteza vipande vya kromosomu 1p na 19q kwa pamoja, nayo ni oligodendroglioma, ambayo mgonjwa anaweza kuishi nayo miaka mingi. Nyingine haina badiliko la IDH, ina badiliko la jeni ya TERT, na hata kama seli zimetulia na hakuna tishu iliyokufa, kwa mtu mzima hiyo ni glioblastoma ya daraja la 4. Kingamwili ya R132H, kipimo cha rangi kwenye slaidi kinachotafuta badiliko la IDH lililo la kawaida zaidi, hunasa takriban asilimia 90 ya mabadiliko ya IDH, si yote. Mgonjwa akiwa chini ya miaka 55 na kipimo kikatoka hasi, omba jeni isomwe. Kama maabara yako haina uwezo huo, andika wazi kwamba vipimo vya jeni havijafanyika. Hakuna aibu. Aibu ni kuandika jina kamili kwa kubahatisha.

Halafu wodini wataanza kukuuliza: ana muda gani? Takwimu utakayoisikia zaidi ni ya utafiti wa 2005 wa glioblastoma. Waliopata mionzi pekee, nusu yao walikuwa wamefariki kufikia miezi 12.1. Kwa waliochanganyiwa na temozolomidi, dawa ya saratani, ilikuwa miezi 14.6. Sitaji hizo bila kutaja ya pili: waliokuwa hai baada ya miaka miwili walipanda kutoka asilimia 10.4 hadi 26.5, na walionufaika zaidi ni wale ambao jeni yao ya MGMT, inayorekebisha uharibifu wa DNA unaoletwa na dawa hiyo, ilikuwa imezimwa kwa methili (alama ya kemikali juu ya DNA). Tena utafiti ule ulichukua watu wa miaka 18 hadi 70 wenye hali nzuri kiasi. Mzee wa miaka 78 asiyeweza kuinuka kitandani hakuwemo, kwa hiyo usimkadirie kwa namba zao. Na daraja dogo lisikulaze: meninjioma (uvimbe wa utando unaofunika ubongo) ya daraja la 1 iliyokandamiza shina la ubongo, mahali kisu hakifiki, inaweza kumshinda mgonjwa kabla ya uvimbe mbaya zaidi uliotolewa wote.

Mwisho, angalia unavyolitumia neno "uvimbe". Kwetu sisi linabeba mambo mawili, uvimbe wenyewe na maji yanayojaa kuuzunguka. Niliwahi kusikia familia ikishangilia kwamba uvimbe umepungua kwa vidonge, kumbe deksamethasoni ilikuwa imepunguza maji tu na mgonjwa akaamka akiongea. Wiki tatu baadaye walirudi wakidhani tumewadanganya. Sasa mimi husema "maji yamepungua, uvimbe upo palepale," nikingoja waniulize swali kabla ya kuendelea.