VAT ya ukumbi inavyokula hela ya ngoma

Wasanii wengi wa hapa Mtwara nikiwatajia VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, hunijibu kuwa hilo ni la wenye maduka makubwa. Kisheria hawajakosea: huku Bara kiwango cha kulazimika kusajiliwa ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka, na sijaona kikundi cha ngoma ya sindimba kinachoikaribia hela hiyo. Ila mimi ndiye mtunza hesabu wa kikundi chetu, na kodi hiyo nakutana nayo kila msimu wa korosho, sherehe zinapopamba moto.

Tuchukue mfano. Kamati ya harusi imetenga milioni 2 za ukumbi, muziki na ngoma. Ukumbi na muziki wametajiwa milioni 1.5. Ankara inakuja, mwenye ukumbi amesajiliwa, juu yake kuna asilimia 18, yaani 270,000. Ngoma iliyopangiwa 500,000 imebakiwa na 230,000. Mpishi hapunguziwi. Anayepunguziwa ni mpiga ngoma, ndiye anayeambiwa "tusaidieni, nyie ndugu zetu". (Undugu huo mpishi hatajiwi hata siku moja.)

Kwa hiyo mkiitwa, kabla hamjataja bei yenu ulizeni: hiyo ya ukumbi ina VAT ndani au bado? Mwenyekiti anaweza kukunja uso kwamba mnaingilia yasiyowahusu. Ulizeni tu, mara nyingi naye hajaliwaza. Kisha andikianeni, na nusu ilipwe kabla hela ya ukumbi haijatoka.

Lipo na la kuwanong'oneza wanakamati. Sheria ya Fedha ya 2025 imeleta asilimia 16 badala ya 18 kwa mnunuzi asiyesajiliwa anayelipa kwa benki au kielektroniki. Kwenye ile milioni 1.5 wanaokoa 30,000. Hela ndogo, lakini iombeni mapema iingie kwenye fungu la ngoma, la sivyo itaishia kwenye soda.

Wachonga vinyago, nanyi mteja akitaka risiti yenye VAT msimwandikie ili kumridhisha. Asiyesajiliwa haruhusiwi kuitoza. Na duka lililosajiliwa likiwaomba mshushe bei kwa sababu ya VAT, ulizeni kwanza faida yao ni kiasi gani. Mimi huanzia hapo, na bei mara nyingi hubaki palepale.