Maswali na majibu: Nyanya kwenye ndoo, na maji ambayo hamjayapima

Barua za safari hii karibu zote zinahusu kilimo cha ndoo bila udongo: nyanya, hoho, matango na saladi. Mlioniuliza "nianze na shilingi ngapi" bila kutaja mko wapi wala maji mnayatoa wapi, sikuwajibu. Andikeni tena mkiwa na vipimo vya maji.

Nipo Kigamboni. Nimeshanunua ndoo 40 za lita 20, mabomba na pampu. Maji ya kisima chetu yana chumvi kwa mbali. Yatafaa?

Swali hili lilipaswa kutangulia ndoo. Nimelisema hapa mara nyingi na nitaendelea kulisema: kifaa cha kwanza kununua ni kipimo cha EC, yaani kile kikalamu kinachopima chumvichumvi zilizoyeyuka kwenye maji. Maji yakisoma chini ya 0.5 (kipimo ni mS/cm, hapa na kote chini), endelea bila hofu. Kati ya 0.5 na 1.0 utavuna, ila kwa uangalifu. Yakifika 1.5 na kupanda, na wingi wake ni chumvi ya kawaida, saladi itakataa na nyanya itazaa kwa taabu.

Sababu yake ni hii. Nyanya inayobeba matunda inahitaji mchanganyiko wa mbolea unaosoma kati ya 2.0 na 3.5. Kama maji yenyewe yameshachukua 1.8 kwa chumvi isiyolisha mmea, chakula utakiweka wapi? Ukikazana kuongeza mbolea, mizizi inashindwa kuvuta maji na mmea unanyauka huku umesimama kwenye unyevu. Halafu sodiamu haitumiki na nyanya, kwa hiyo ukiyazungusha maji hayohayo kwa pampu, inabaki na kurundikana wiki hadi wiki.

Kwa hiyo pampu ya kuzungusha maji iweke kando. Mwagilia kwa matone, maji ya ziada yatoke yaende kwenye migomba au minazi. Kisha tafuta maji ya mvua uchanganye na ya kisima. Paa la mita za mraba 50 linakupa karibu lita 1,000 kwa mvua ya milimita 20 tu, na masika ya Dar es Salaam inaleta zaidi ya hapo. Kabla ya kupanda, peleka chupa ya maji maabara, uombe wakupimie sodiamu, kloraidi na bikaboneti.

Kati ya kokopiti (unga wa makumbi ya nazi), pamisi, pelaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba uliopashwa moto) na vile vidonge vya udongo wa kuchoma, kipi bora? Muuzaji wangu hapa Nakuru anasema cha kitaalamu ni pelaiti ya kutoka nje.

Uko Nakuru na unauziwa pelaiti ya kutoka nje! Pamisi, yale mawe mepesi ya volkano yaliyojaa vitundu, inachimbwa upande wa Longonot na Naivasha, na mashamba ya waridi ya Naivasha yanaitumia kuotesha maua yanayouzwa Ulaya. Kama inafaa waridi, itafaa nyanya zako.

Kitu cha kuoteshea hakilishi mmea. Kazi yake ni tatu: kushika mzizi, kuweka maji kiasi na kuacha hewa ipite. Chochote kinachofanya hayo matatu bila kuoza haraka, bila sumu na bila kuharibu pH (kipimo cha uasidi wa maji) kinafaa, na bei haina uhusiano na ubora. Ninaudhika kuona vijana wanakopa ili wanunue magunia yaliyovuka bahari, wakati kitu chenyewe kinachomwa moto kama taka kwa jirani.

Pamisi ichekeche, ubaki na chembe za kama milimita 3 hadi 8, halafu uioshe mpaka maji yatoke masafi. Vumbi lake likiachwa linashuka chini ya ndoo, linakuwa tope na kuziba tundu la kutolea maji. Mimi huchanganya sehemu 7 za pamisi na 3 za kokopiti, kwa kuwa pamisi peke yake hukauka upesi siku ya jua kali.

Walioko Mwea, Mbarali na Kyela wana maganda ya mpunga. Yaunguze nusunusu yawe meusi yakiwa bado na umbo lake, usiyaache yakawa majivu, kwani majivu yanapandisha pH. Maranda ya mbao siyapendi: yanaoza, wadudu wanaoyaozesha wanakula naitrojeni ya mmea wako, na mara nyingi hujui ile mbao ilitiwa dawa gani.

Kwetu kusini Unguja makumbi ya nazi ni ya kuokota. Nilitwanga, nikajaza ndoo, nikapanda hoho. Majani yameungua kingo zote. Nimekosea wapi?

Umefanya vizuri kutumia makumbi, ila umeruka hatua mbili. Kwenu kina mama hufukia makumbi kwenye mchanga wa pwani, bahari ikija na kutoka juu yake kwa miezi, ndipo wanayapiga na kusokota kamba. Kumbi la namna hiyo limelewa chumvi. Hata lisilofukiwa, la mnazi wa ufukweni, huwa na sodiamu na potasiamu nyingi.

Hatua ya kwanza ni kuosha. Loweka unga wa makumbi kwenye pipa la maji matamu, ukamue, umwage, urudie. Maji ya mwanzo yatatoka na rangi ya chai ya rangi. Usihukumu kwa rangi, ingiza kipimo cha EC kwenye maji uliyokamua. Acha kuosha pale kinaposoma karibu sawa na maji uliyoanza nayo, tofauti isizidi 0.5.

Hatua ya pili ndiyo wauzaji wengi hawaitaji. Makumbi yana tabia ya kung'ang'ania kalsiamu na kuachia sodiamu na potasiamu. Ukipanda moja kwa moja, kalsiamu yote unayomwaga inaishia kwenye makumbi, mmea unabaki na njaa. Kwa hiyo yaloweke usiku kucha kwenye maji yenye kalsiamu naitreti, gramu 2 kwa kila lita, kisha yasuuze mara moja. Hapo ndipo yanafaa kupandwa.

Hoho zilizopo mwagie maji mengi matamu leo hii, yapite na kutoka chini, uone kama majani machanga yatatoka salama. Yaliyoungua hayatarudi.

Mimi Mombasa. Nimejaza ndoo kokoto. Majani mapya ya nyanya ni manjano, mishipa imebaki kijani. Nimeongeza mbolea mara mbili na hali imezidi.

Kokoto za wapi? Ukiandika, taja. Ninachohisi ni kokoto za matumbawe. Chukua moja kavu, idondoshee siki au ndimu. Ikitoa povu, ni chokaa, na chokaa inapandisha pH kila siku hata ukiishusha asubuhi. Mizizi ya nyanya inataka pH kati ya 5.5 na 6.5. Ikipita 7, chuma kimo majini lakini mmea hauwezi kukichukua, ndiyo maana majani machanga yanageuka manjano na mishipa kubaki kijani. Mbolea zaidi haiwezi kutibu hilo. Hamisha miche, kokoto zipeleke kwa fundi ujenzi.

Ninawaomba pia mnaoshusha pH kwa asidi iliyomwagwa kutoka betri kuukuu za magari mwache. Ina madini ya risasi, na hicho ni chakula cha watoto. Tumia asidi ya fosforiki (phosphoric acid) ya kilimo, uvae glavu na miwani, na siku zote asidi ndiyo iingie kwenye maji, kamwe usimwage maji kwenye asidi. Siki na ndimu hushusha kwa siku moja mbili tu.

Naweza kutumia Urea na DAP kwenye ndoo? Au maji ya mbolea ya kuku?

Hapana, hapana na hapana. Swali hili linarudi kila toleo. Urea inategemea bakteria wa kwenye udongo kuigeuza, na kwenye ndoo safi hao ni wachache. DAP ina naitrojeni ya amonia nyingi, na punje zake huacha mashapo yanayoziba mirija. Maji ya mbolea ya kuku yanaozea ndani na kumaliza hewa ya mizizi. Nunua mbolea zinazoyeyuka zote, uweke kalsiamu naitreti tangi A, na zenye salfeti na fosfeti tangi B. Zikikutana zikiwa nzito zinagandana na kuwa unga mweupe chini ya tangi, na huo mmea hauli. Changanya zikiwa zimeshazimuliwa kwenye maji mengi.

Tanga. Nimetengeneza ndoo za maji matupu na pampu ya hewa. Umeme ulikatika mchana mmoja tu, matango yote yamelala. Ninunue betri?

Betri itakusaidia siku ya umeme kukatika. Joto la Tanga utakaa nalo mwaka mzima. Maji ya nyuzi 20 hubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba kama 7.5, na wakati huohuo mzizi wenye joto unapumua zaidi. Mahitaji yanapanda huku akiba ikishuka. Pampu ikizima, mchana mmoja unatosha kuua.

Toa mzizi mmoja uuangalie. Ukiwa wa kahawia na utelezi, na ukiuvuta ganda la nje linachomoka na kukuachia uzi mwembamba mweupe, hiyo ni Pythium, ugonjwa unaopenda maji ya moto yasiyo na hewa. Ndoo hizo zioshe kwa klorini na uzianike juani.

Mfumo wa maji matupu kwa mazao makubwa uacheni kwa watu wa Limuru na Lushoto wenye baridi yao. Pwani jazeni ndoo makumbi au changarawe safi isiyo ya chokaa, mtoboe tundu ubavuni, sentimita 5 kutoka kitako ili ibaki akiba kidogo chini, mmwagilie kwa matone kutoka tangi lililoinuliwa. Umeme ukikatika nusu siku, mmea hautajua. Mpe maji mara nyingi kidogo kidogo, na kila siku angalia yanayotoka chini: yakiwa kama moja ya tano ya uliyomwaga, uko sawa. Yapime EC. Yakisoma juu sana kuliko uliyoingiza, chumvi inajikusanya, suuza.

Kiambu. Nyanya zangu za kitalu nyumba zilinyauka zikiwa kijani kibichi. Nikahamia kwenye ndoo humohumo, zimenyauka tena. Kilimo cha ndoo ni uongo?

Si uongo, na wewe ndiye hasa kilimo hiki kinakufaa. Kwanza thibitisha. Kata kipande cha shina chini kabisa, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ukiona ndani ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye kidonda, huo ni mnyauko bakteria. Unakaa kwenye udongo miaka na hauna dawa ya kunyunyiza.

Sasa inua ndoo moja. Nina hakika utakuta mizizi imetoka kwenye tundu la chini na kuingia ardhini. Umebadilisha chombo, mmea ukabaki kwenye udongo uleule. Tandika nailoni nzito kitalu kizima, inua ndoo juu ya matofali, weka mlangoni beseni la dawa ya kuua vijidudu la kukanyaga kwa viatu, na usitumie maji ya mto unaopita kwenye mashamba ya nyanya ya wengine. Visu vya kupogolea vichovye kwenye dawa kila unapohamia mmea mwingine. Na miche usiichukue kwa jirani mwenye tatizo hilohilo.

Arusha. Je, kilimo cha ndoo kinazuia kantangaze?

Hapana. Kantangaze ni nondo mharibifu wa nyanya, anaruka. Weka wavu na mitego.

Kitako cha nyanya kinakuwa cheusi na kuzama ndani. Dawa gani?

Si ugonjwa. Kalsiamu haikufika kwenye tunda, mara nyingi kwa sababu umwagiliaji unarukaruka au EC iko juu. Rekebisha maji.

Nauliza kuhusu bangi kwenye ndoo, inahitaji vipimo gani?

Kuilima ni kosa la jinai Kenya kwa sheria ya 1994 na Tanzania Bara kwa sheria ya 2015. Sitafundisha hapa.

Kampuni moja inauza seti kamili ya ndoo 100 na kuahidi kurudisha mtaji msimu wa kwanza. Nataka kupanda mchicha. Nikope?

Usikope. Mchicha unaota kwenye udongo wa kawaida kwa wiki tatu au nne na unauzwa kwa fungu. Hauwezi kulipa ndoo, mirija na mbolea za tangi mbili. Kilimo hiki kinalipa pale udongo ulipoharibika, maji ni machache, au una mnunuzi wa uhakika wa saladi, hoho za rangi au matango. Muulize huyo muuzaji maswali mawili: maji yangu umeyapima, na mteja wako wa mwaka juzi naweza kumtembelea? Akikuonyesha picha badala ya shamba, ondoka.

Ukitaka kujifunza, chukua ndoo moja yenye mfuniko, toboa matundu manne kwenye mfuniko, panda saladi kwa njia ya Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii: bila pampu, maji yanashuka mmea unavyokunywa, na mizizi ya juu inapumua kwenye nafasi inayobaki. Usiijaze tena mpaka juu, utaizamisha ile mizizi iliyozoea hewa. Ndoo iwe kivulini.

Ndoo za rangi ya nyumba zinafaa?

Tumia zilizobeba mafuta ya kula, za rangi ziacheni, na zilizobeba dawa za wadudu zisiguswe kabisa. Ndoo inayopitisha mwanga ipake nyeusi kwanza, kisha nyeupe juu yake: nyeusi inazuia mwani, nyeupe inarudisha jua.