Kijana wa malezi ya kambo akifikisha miaka 18: niliyoyaona kwa watatu niliowalea

Dada, umesema kijana mnayeishi naye kwa malezi ya kambo, yaani asiye wenu wa kuzaa bali mmekabidhiwa mumlee, atatimiza miaka 18 mwezi Novemba, na shemeji anaona mumpangishie chumba, mumpe na mtaji kidogo aanze maisha. Mimi nimelea watatu hapa Morogoro. Wote walikuja wakubwa, wa miaka 14 na 15, wakitokea kwenye makao ya watoto. Wa kwanza nilimfanyia vile vile anavyotaka shemeji, na nilikosea.

Nilimlipia kodi ya miezi sita Kihonda, nikamnunulia godoro, jiko la mkaa, ndoo mbili na sufuria, nikampa na shilingi laki tatu mkononi. Nikajiona nimemaliza kazi. Mwezi wa nne tangu ahamie huko, godoro lilishauzwa na simu yangu hapokei. Nilikuja kumpata stendi ya Msamvu akibeba mizigo ya abiria. Akaniambia, "Mama, mimi nilijua umenitoa." Kabla ya kufika kwangu alikuwa amehamishwa mara tatu, na kila mara alifungiwa begi akaambiwa ni kwa faida yake mwenyewe. Sasa na mimi nikaja na godoro jipya na maneno yale yale.

Kwa hiyo naomba Novemba isiwe siku ya kuhama. Ni kweli Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18, na huenda afisa ustawi wa jamii akaacha kuja kwenu baada ya hapo. Lakini hakuna anayewakataza kuendelea kukaa naye. Wa kuwazaa wenyewe wanakaa nyumbani mpaka miaka 25 na hatuoni ajabu. Kuna wanaosema mkimdekeza hatajitegemea. Mimi nimeona kinyume chake: aliye na pa kurudi ndiye anayethubutu kutoka.

Jambo la kufanya wiki hii ni vyeti. Cheti cha kuzaliwa ndicho mzizi. Bila hicho namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, itawasumbua, na bila namba ya NIDA hasajili laini ya simu kwa alama za vidole, maana yake hana M-Pesa yake wala akaunti ya benki. Binti yangu, yule wa pili, alimaliza ushonaji chuo cha ufundi cha VETA akawa anatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la rafiki yake. Aliweka humo hela za kushona za miezi saba. Walipogombana, rafiki akaenda kuirudisha laini kwake, na hela yote ikaondoka nayo. Binti alilia siku mbili. Angelalamika vipi, na laini haikuwa na jina lake?

Jiandaeni pia kwa fomu ya NIDA, maana inauliza habari za wazazi na inataka muhuri wa serikali ya mtaa. Kwa mtoto ambaye ndugu zake hawajulikani, karani anakwama hapo hapo. Sisi tulirudishwa mara nne. Kilichotuvusha ni barua ya ustawi wa jamii iliyoeleza historia yake, nakala ya amri ya mahakama iliyomkabidhi kwetu, na mwenyekiti wa mtaa aliyekuwa anamjua kijana kwa sura. Kama anatazamia chuo kikuu, jueni kwamba Bodi ya Mikopo inamtaka yatima aambatishe cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo. Wazazi wengi wamezikwa bila mtu kufuatilia cheti. Anzeni kuvitafuta akiwa bado kidato cha tano.

Maisha ya nyumbani nayo yana mengi ambayo sisi hatuyaoni. Mtoto wa makao anajua kufanya kazi, tena kwa bidii, ila anajua kupika ugali wa watu sitini. Gunia lilikuja na gari la wafadhili, kwa hiyo hajawahi kuona mtu akinunua nusu kilo ya unga au mafuta ya kupima. Wa tatu nilimkabidhi hela ya matumizi ya nyumba nzima ya wiki, na sisi sote tukawa tunakula alichonunua. Wiki ya kwanza tulikula nyama Jumatatu na Jumanne. Alhamisi tukawa kwenye ugali na matembele ya uani, asubuhi chai kavu. Sikuongeza hata mia, wala sikumgombeza. Wiki ya tatu alikuwa anajua bei za soko la Mawenzi kunishinda. Nikampeleka pia kutafuta chumba kabla hajakihitaji, asikie dalali anavyodai kodi ya mwezi mmoja iwe yake, ajifunze kuuliza kama kila mpangaji ana mita yake ya umeme wa LUKU au wanachangia, na zamu ya kusafisha choo inakwendaje.

Hayo yote hufundishika. Kinachowaangusha ni kukosa watu. Akitaka kazi ya kuuza duka la mtu au pikipiki ya mkataba, ataulizwa mdhamini. Akilazwa, nesi atauliza ndugu wa mgonjwa wako wapi. Na lile swali letu la kila siku, "kwenu wapi?", wangu wote watatu walikuwa wakilikimbia. Nikawaambia wajibu, "Kwetu Morogoro, kwa mama yangu," wakaze sauti. Mume wangu akaanza kwenda nao misibani na kwenye harusi za ukoo, na huyu wa tatu akampeleka Mgeta kwa baba zake wadogo, akalala huko wiki mbili akilima nao. Mwaka jana alipotaka kuoa, baba wadogo hao hao ndio waliokaa kupanga mshenga na barua ya posa. Nilimwona kijana amesimama mlangoni anawasikiliza wazee wakibishana juu ya mahari yake, machozi yanamtoka.

Wa kwanza naye alirudi. Alikaa kwetu mwaka na nusu, na alipohama mara ya pili alihama mwenyewe, akaacha sanduku lake uvunguni na ufunguo wa geti akabaki nao. Jumapili anaingia moja kwa moja jikoni kufunua masufuria.

Mwambie shemeji hiyo hela ya kodi muiweke kwanza, mpaka kijana afungue akaunti yake. Na kama cheti cha kuzaliwa bado hakijatoka, nijibu hapa mpo wilaya gani na kama ile amri ya mahakama mnayo.