Je, hasara ya biashara ni dalili ya ghadhabu za Allah? Na sadaka itangulie mishahara?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni msanifu majengo, nina kampuni ndogo. Mwaka huu umetuelemea. Mteja mmoja aliyekuwa akitupa zaidi ya nusu ya kazi zetu amesimamisha miradi yake, wengine wanachelewesha malipo, na wafanyakazi wananidai mishahara ya miezi miwili. Miaka mizuri tulihamia ofisi kubwa na hatukuweka akiba ya maana. Nimemsikia mhubiri akisema biashara ya Muislamu haianguki ila kwa dhambi aliyoificha mwenyewe, na kwamba tiba yake ni kumpelekea sadaka nzito ili mlango wa riziki ufunguke. Kidogo nilichobakiwa nacho nimeshamwahidi. Usiku silali, najichunguza. Wanaonidai wakipiga simu sipokei, naona aibu. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, pesa hiyo usiitume. Walipe wafanyakazi wako. Nimelitanguliza hili kwa sababu ndilo la haraka, na baada ya hapo ndipo tuzungumze.

Kauli uliyosikia imenikera, na si mara ya kwanza kuletewa. Katika Suratul Fajr (89:15-17) Allah anamtaja mtu ambaye akikunjuliwa riziki husema, "Mola wangu amenikirimu," na akibanwa husema, "Mola wangu amenidhalilisha." Kisha likaja jibu: Kalla! Sivyo! Kukunjuliwa ni mtihani na kubanwa ni mtihani. Anayepima radhi za Allah kwa salio la benki basi atueleze habari ya Qarun, tajiri wa zama za Nabii Musa aliyeangamizwa, ambaye funguo za hazina zake ziliwalemea watu wenye nguvu. Halafu atueleze habari ya Bi Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, tajiri wa biashara wa Makka, aliyeitoa mali yake kwa ajili ya dini na akaishi ile miaka ya kususiwa katika bonde la Abu Talib, Waislamu wakifikia kula majani. Kati ya hao wawili, nani aliyekuwa na dhambi ya kuficha?

Najua mhubiri huyo atashika aya ya 30 ya Suratush Shura, kwamba misiba inayotupata ni kwa yale yaliyochumwa na mikono yetu. Aya ni haki. Lakini mbona anakata mwisho wake, "naye anasamehe mengi"? Na mbona anaisoma kwa kuwaelekea wengine, ilhali wema waliotangulia waliisoma kwa kujielekea wao? Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa ni watu gani wenye mitihani mikubwa zaidi, alisema ni Manabii, kisha wanaowafuatia kwa ubora. Hadithi hiyo ameipokea Tirmidhi. Kuomba maghfira ni wajibu wetu katika mwaka wa faida na katika mwaka wa hasara. Kumtangazia mtu kwamba kuna dhambi fulani iliyomfilisi ni kudai elimu ya ghaibu.

Hadithi inayomkata kauli kabisa iko kwa Imam Muslim, kutoka kwa Abu Said al-Khudri. Katika zama za Mtume mtu mmoja alinunua matunda, yakapatwa na janga, madeni yakamzidi. Mtume hakumuuliza amefanya nini gizani. Aliwaambia watu, "Mpeni sadaka." Wakampa, na bado deni halikutimia. Akawaambia waliokuwa wakimdai wachukue walichokikuta, na kwamba hawana zaidi ya hicho. Umeona sadaka ilikwenda upande gani? Ilikwenda kwa aliyefilisika. Huyu wenu anaitoa kwa aliyefilisika aipeleke kwake. Ugonjwa kautangaza yeye, dawa anaiuza yeye, na mgonjwa akizidi kudhoofu ataambiwa dozi ilikuwa ndogo.

Ama hukumu yenyewe, mshahara wa aliyekufanyia kazi ni haki iliyo juu yako, na sadaka unayotaka kuitoa ni sunna. Imam Bukhari, katika kichwa cha mlango wa sadaka, ameweka wazi kwamba deni lina haki zaidi ya kulipwa kuliko sadaka. Imam Nawawi akasema kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ya Shafi ni kwamba ni haramu kutoa sadaka kwa mali unayoihitaji kuwalisha wanaokutegemea, au kulipia deni usilotarajia kulilipa kwa njia nyingine. Na katika Hadithul Qudsi (maneno ya Allah aliyoyasimulia Mtume) aliyoipokea Bukhari, miongoni mwa watu watatu ambao Allah atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Baraka unayoitafuta kwa mhubiri iko kwenye bahasha za watu wako.

Kujichunguza kwako usiku nakuunga mkono, ila umekuelekeza pasipo. Unatafuta dhambi ya siri huku kosa umeliandika mwenyewe katika swali lako, tena kwa mkono wako. Zaidi ya nusu ya kazi zenu mliitegemeza kwa mteja mmoja, na miaka ya neema hamkuweka akiba. Baada ya vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Waislamu walipouliza msiba umetoka wapi waliambiwa, "Umetoka kwenu wenyewe" (3:165), na kosa lilijulikana: wengi wa wale wapiga mishale 50 waliowekwa mlimani waliteremka kufuata ngawira. Likatajwa, kisha likasamehewa. Halafu linakuja jambo ambalo wakuu wa makampuni wangelisoma kila mwisho wa mwaka. Mtume aliamrishwa awasamehe, awaombee maghfira, na ashauriane nao (3:159). Baada ya hasara kubwa namna ile hakuambiwa awatenge wala ajifungie aamue peke yake. Basi kaa na wafanyakazi wako, wafungulie hesabu, waulize. Huenda wakakubali ofisi ndogo kwa furaha kuliko unavyodhani. Na asije mtu akakwambia kupanga ni upungufu wa tawakkul, yaani kumtegemea Allah. Nabii Yusuf aliwapangia watu wa Misri miaka 7 ya kulima na kuhifadhi kabla ya ile 7 ya shida, naye ni Nabii.

Mkopo wa riba wa kuziba pengo sitaurefusha. Unaijua hukumu yake.

Simu nazo pokea. Aya ya 280 ya Suratul Baqara inamtaka anayedai ampe muda mwenye dhiki mpaka afarijike, na akisamehe ni bora kwake. Lakini atajuaje kwamba una dhiki na wewe hupatikani? Asiyepokea simu hudhaniwa kuwa pesa anazo na amekataa kulipa, na Mtume amesema tajiri kuchelewesha deni ni dhuluma. (Hadithi hiyo wasomee na wateja wako wanaokuchelewesha ilhali wanazo.) Waendee wewe kabla hawajakufuata, ukiwa na karatasi ya unachodaiwa, unachodai na unachoweza kulipa kila mwezi. Andikianeni, kama ilivyoamrishwa katika aya ya 282 ya sura hiyo hiyo. Ukiwa umekwama kabisa, zaka ina fungu la wenye madeni (9:60), na kulipokea si aibu.

Imebaki ahadi yako kwa yule mhubiri. Kama ulimwambia tu kwamba utatuma, hiyo si nadhiri, na huna dhambi kuiacha kwa ajili ya haki iliyo nzito zaidi. Lakini kama ulitamka kwamba iko juu yako kwa ajili ya Allah, au maneno ya namna hiyo, niandikie ulichokisema kama kilivyo kabla hujafanya lolote, kwa kuwa hukumu ya nadhiri hufuata tamko. Wallahu a'lam.