Kabla ya kununua zulia la Mustang, mwaga maji kwanza

Mustang yangu, gari la Ford, ni ya mwaka 1967, coupe ya milango miwili, injini V8 (silinda nane) ya inchi za ujazo 289. Wapo watakaonisahihisha kwamba hiyo si muscle car hasa, yaani gari la kawaida lililopachikwa injini kubwa, jina hilo ni la akina Pontiac GTO na Chevelle SS, na kwamba Mustang wenyewe Wamarekani huiita pony car, gari dogo la kimichezo. Sawa. Sakafu ikishaoza, ubishi huo haukusaidii kitu.

Niliinunua kwa mzee mmoja hapa Ohio, Marekani, ilikuwa imelala bandani kwake miaka mingi. Nje ilikuwa na afadhali. Ndani, viti vimefumuka mishono, dari inaning'inia kama chandarua, zulia linanuka panya. Nikajiambia hii ni kazi ya shuka na godoro tu. Mwezi huohuo nikaagiza zulia jipya, lile linalokuja limeshafinyangwa kufuata umbo la sakafu, karibu dola 200. Jumamosi nikalitandika. Jumanne mvua ikanyesha. Jumatano nilipoweka mguu upande wa abiria, zulia likalia chwa.

Hapa ndipo wengi tunapoliwa, kwa hiyo tukae kidogo. Chini ya kioo cha mbele, pale zinapolala vaipa, kuna matundu ya kuingizia hewa. Mvua inaingia humo, na Ford walijua itaingia: maji yanaangukia kwenye mfereji wa bati uliojificha, yanatiririka kulia na kushoto, yanatokea nyuma ya fenda za mbele. Ndani ya mfereji huo kuna njia mbili za hewa, moja ya dereva na moja ya abiria, kila moja imezungushiwa ukingo uliosimama ili maji yasiingie. Majani makavu yakijaa humo yanashika unyevu, ukingo unaliwa na kutu, na maji yanapata njia ya mkato hadi miguuni mwako. Mustang za 1965 hadi 1968 zinajulikana kwa ugonjwa huu. Mimi nilijua baada ya kulipa.

Kupima hakuhitaji fundi. Toa viti, toa zulia. Mmoja alale chali sakafuni na tochi, kichwa chini ya dashibodi. Mwingine amwage maji taratibu kwenye yale matundu, jagi baada ya jagi. Kwetu mimi nililala, mke wangu akamwaga.

"Bado?"

"Bado."

"Na sasa?"

Tone la kwanza likanipata shavuni, la pili jichoni, tena lenye kutu.

Ila usikimbilie kulaumu mvua. Chovya kidole, yasugue maji hayo. Yakiteleza na kuwa na harufu tamutamu, ni ya rejeta, ambayo hupita kwenye hita ya kupasha joto ndani ya gari, maana yake hita imetoboka. Usiyaonje, na usiache mbwa au paka ayalambe, ni sumu.

Yangu yalikuwa ya mvua. Tiba yake ni kulifunua bati la juu, ambalo limeshikwa kwa pointi nyingi za welding, na kuchomelea vipande vipya ndani. Hiyo nilimpa fundi bodi, sikuona haya. Vinauzwa vifuniko vya plastiki vya kubandika kwa silikoni. Vinakununulia muda tu. Sakafu niliikagua mwenyewe kwa kuigongagonga na bisibisi: bati zima linalia, lililooza linaimeza bisibisi kimyakimya.

Viti ndivyo nilivyovifurahia. Mjomba wangu ni fundi sofa Keko, Dar es Salaam, na utoto wangu nimeshinda sana kwenye kibanda chake. Nikampigia kwa video.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Hicho kiti kimeumwa na nani?"

Nikamweleza. Akatazama, akaniambia nisogeze simu, kisha akasema: "Usivue vyote viwili. Vua kimoja, hicho kingine kiache kikufundishe." Ushauri huo uliniokoa mara nyingi kuliko video zote nilizotazama, maana kila nilipokwama niligeuka na kuangalia mshono unapitia wapi.

Keko wanapiga misumari na stepla. Hapa gamba la kiti, ile vinili ya juu, linashikwa kwa vipete vya waya vinavyobanwa kwa koleo lake maalumu. Linunue hilo koleo. Ukikata vipete vya zamani vaa miwani, vinaruka. Na tafadhali, ndani ya mikunjo ya gamba la zamani kuna fimbo nyembamba za waya. Zitoe, zisugue kutu, zirudishe kwenye gamba jipya, la sivyo vipete vitachana vinili. Za kiti cha kwanza nilizitupa na takataka, nikalazimika kukata hanga za nguo. Zimeshika hadi leo, ila mjomba asisikie.

Juu ya springi nilikuta gunia. Gunia lenyewe, kama la Keko! Nikaweka jipya, juu yake sponji mpya, kwa sababu ya zamani ilikuwa unga mtupu. Gamba likitoka kwenye boksi ni gumu, lianike juani saa nzima. Visha sponji mfuko wa plastiki mwembamba ili gamba liteleze, anza kubana katikati, pembeni baadaye.

Dari sitajifanya mwalimu, yangu ina mkunjo juu ya kioo cha kutazamia nyuma. Ila zile fimbo zinazoibeba hazilingani, zipe namba kabla hujazitoa, na uifanye vioo vya mbele na nyuma vikiwa nje. Gundi yake ni kali, fungua milango ya banda.

Dashibodi, chomoa betri kwanza. Geji ya mafuta na ya joto zikidanganya kwa pamoja, usinunue geji. Nyuma yake kuna kidude kimoja kinachozipunguzia umeme zote mbili, badilisha hicho.

Zulia ndilo la mwisho. Matundu ya bolti usitoboe kwa drili, uzi mmoja utajisokota kwenye ncha na kufumua mstari mzima. Viti hufungwa nati kwa chini, kwa hiyo niliingia uvunguni na msumari uliopashwa moto, nikatoboa kwenda juu.

Ndiyo, ilibidi ninunue zulia la pili. Lile la kwanza lilinuka hata baada ya kukauka, sasa nalikanyaga bandani nikifungua boneti. Halilali sawa, nundu ya giaboksi bado iko katikati.