Kila Mtoto na Mgomba Wake

Jumatatu iliyopita msomaji mmoja, mama wa watoto wawili anayeishi Sakina, Arusha, aliniandikia ujumbe mrefu. Ana kazi, ana mume mwema, watoto wana afya, na nyuma ya nyumba wana uwanja mdogo usio na kitu isipokuwa kamba ya kuanikia nguo. Hata hivyo, kila jioni nyumba yao huwa kimya, kila mmoja na simu yake, naye anaona watoto wanakua bila yeye kuwajua. Aliniuliza nimefanya nini hata nyumba yangu ikapata furaha. Ujumbe huo ulinifikia siku mbili baada ya binti yangu mwenye miaka 11 kukata mkungu wa kwanza wa mgomba wake mwenyewe, wa ndizi aina ya mshare, wenye chane saba, na kwa kuwa moyo wangu bado umejaa jambo hilo, nitamjibu hapa ili wengine nao wasome.

Sina budi kuanza mbali kidogo. Mimi ni wa tatu kati ya watoto watano wa kiume wa baba yangu, kwetu Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Anayezijua desturi zetu Wachagga amekwisha kuelewa. Mtoto wa kwanza hupewa sehemu yake, kitinda mimba hubaki na nyumba ya wazazi pamoja na kihamba chake, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, na sisi wa katikati hupewa baraka na kuambiwa twende tukatafute. Nilitafuta. Nilisoma kwa fedha za kahawa ambayo baba aliipeleka chama cha msingi, nikapata kazi ya uhasibu, nikajenga nyumba Pasua, Moshi mjini, na kwa miaka mingi niliamini kwamba habari ya kihamba hainisumbui.

Desemba ya mwaka 2021 tulipanda kwenda nyumbani kwa Krismasi kama ilivyo ada yetu. Tulipokuwa tukipita chini ya migomba, mwanangu mdogo akaniuliza, "Baba, migomba yetu ni ipi?" Mdogo wangu, mwenye kihamba, alikuwa hatua tatu mbele yetu. Nilimwambia mtoto atazame njia asije akajikwaa kwenye mfongo, mfereji wa maji.

Asiyetoka kwetu huenda akadhani kihamba ni shamba tu. Juu kabisa kuna miringaringa na mifuruanje inayotoa kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi, viazi vikuu na mboga, huku ng'ombe wa zizini akilishwa majani ya migomba na kuirudishia samadi, na maji yakiletwa na mfongo kutoka mtoni juu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huu, kupitia Shimbwe Juu, huko huko Uru, kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Niliposoma habari hiyo nilijivuna, kisha nikaumia, kwa sababu kilichokuwa urithi wa dunia hakikuwa urithi wangu.

Basi nilirudi mjini na hasira, na kwa hasira hiyo nikaanza bustani. Uwanja wangu wa nyuma una hatua 12 kwa 9. Niliupangia hesabu kama ninavyopanga bajeti kazini: miche 120 ya nyanya, mavuno ya kuuza soko la Mbuyuni, zamu za watoto za kumwagilia zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani. Agosti 2022 kantangaze wakaingia. Mdudu huyu, aliyefika nchini mwaka 2014, hutaga mayai kwenye majani, na kiwavi wake hupenya ndani ya jani akila katikati, hivyo dawa inayonyunyizwa juu haimfikii kirahisi. Katika majuma matatu majani yalikuwa kama yaliyobabuliwa na moto, na matunda yametobolewa. Siku nilipoikubali hasara ile nilimfokea mwanangu mkubwa, aliyekuwa na miaka 13, nikamwambia kwamba ni uzembe wake kwa kuwa alikosa zamu mbili. Haikuwa kweli, nami nilijua si kweli, maana kantangaze hawaji kwa sababu mtoto hakumwagilia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka ndoo chini, akaingia ndani, na hakukanyaga tena nyuma ya nyumba kwa miezi mingi. Usiku huo mke wangu akaniambia, "Baba, umehamishia ofisi nyuma ya nyumba, na sisi umetufanya wafanyakazi wako."

Miezi iliyofuata naipita, kwa kuwa uwanja uliota magugu tu. Masika ya mwaka 2023 mke wangu alisia mnafu, mboga ya majani, kwenye tuta moja, bila kumwita mtu na bila kuandika lolote ukutani. Nikaanza kukaa naye pale jioni. Mnafu ukichuma ncha zake mara kwa mara na kuondoa maua mapema, hutoa matawi mapya na majani laini kwa majuma mengi, na kazi hiyo haina haraka wala haihitaji nguvu. Binti yangu akatufuata, kisha mdogo wake. Likizo ya Juni yule mkubwa alikuwa amerudi kutoka bweni, kidato cha kwanza, na jioni moja alitoka mwenyewe, akachutama upande wa pili wa tuta na kuanza kung'oa magugu. Ilipita kama nusu saa. Ndipo, bila kuinua kichwa, akasema, "Baba, sitaki kurudi shule ile."

Wanafunzi wakubwa walikuwa wakimpiga usiku, na alikuwa amelibeba jambo hilo muhula mzima peke yake. Sebuleni nilikuwa nimemuuliza mara nyingi habari za shule, naye akajibu kwamba ni nzuri. Tangu siku ile ninaamini kwamba mtoto anayeulizwa huku anatazamwa usoni hujiona yuko mbele ya baraza, lakini mikono yake ikiwa na kazi na macho ya baba yakiwa kwenye udongo, maneno hujitokea yenyewe. Tulimhamisha shule. Jioni ile ile nilimwomba radhi kwa yale niliyomwambia kuhusu nyanya. Kwetu mtu anayeomba msamaha kwa uzito hupeleka jani la masale, mmea ule ule unaopandwa mipakani mwa vihamba. Mimi sikuwa na masale, nilikuwa na konzi ya mnafu mkononi, naye aliipokea.

Novemba ya mwaka huo, mvua za vuli zilipoanza, mama yangu alinipa machipukizi manne ya mshare. Tulichimba mashimo ya sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, yakipishana mita tatu kando ya ukuta. Udongo wa juu tuliutenga na ule wa chini, tukauchanganya na madebe mawili ya samadi iliyooza vizuri kwa kila shimo. Kabla ya kupanda tulimenya kitako cha kila chipukizi mpaka kikawa cheupe, ili tusihamishe fukusi na minyoo ya mizizi kutoka shamba la zamani. Kisha nikafanya jambo ambalo ndilo jibu langu lote kwa mama wa Sakina. Niliwaita watoto wangu watatu, nikampa kila mmoja mgomba wake, kwa kutamka, mbele ya mama yao, kama mzee anavyogawa kihamba. Wa kwanza nilimpa binti, ambaye kwa desturi ya zamani asingehesabiwa. Aliyefuata kupewa ni yule mkubwa, na kitinda mimba alikuwa wa mwisho. Wa nne ni wa mke wangu. Mimi sina mgomba.

Niliwafundisha kuacha mama, mtoto na mjukuu: mgomba unaozaa, mmoja unaoufuata na mmoja mdogo, na machipukizi mengine yote yaondolewe, la sivyo hugombea chakula na mkungu huwa mwembamba. Maji ya kuoshea mboga na ya kusuuzia mchele huenda huko. Hakuna zamu. Binti yangu husimama kwenye mgomba wake kila asubuhi kabla ya kwenda shule, na sijawahi kumtuma hata mara moja.

Dada yangu wa Sakina, na ninyi nyote mnaotamani nyumba yenye furaha, msingoje mfe ndipo watoto wenu wawe na kitu cha kukiita chao. Wapeni sasa, hata kama ni tuta moja la chainizi, hata kama ni mpapai mmoja. Tokeni nje ninyi kwanza, simu ikiachwa ndani, na msimwite mtu, maana mtoto aliyeitwa huja kufanya kazi, na asiyeitwa huja kukaa nanyi. Msihesabu kilo. Msimfokee mtoto kwa ajili ya mmea. Nasema tena, msimfokee mtoto kwa ajili ya mmea. Kama mnataka migomba, chimbeni mashimo mwezi wa Februari na kuweka samadi mapema, ili masika yakianza Machi udongo uwe tayari. Kama hamwezi, mnafu unatosha kabisa, na huko Arusha hautawasumbua.

Jumamosi ile ile tulipika mtori kwa chane mbili, na nyingine tano binti yangu akataka zipelekwe kwa bibi yake. Tulipanda Uru Jumapili baada ya ibada. Mdogo wangu alitukaribisha, akauangalia mzigo, akauliza umenunuliwa wapi, na binti yangu akamjibu, "Ni wa mgomba wangu, baba mdogo." Alinyamaza kidogo. Kisha akatuonyesha migomba yake ya mshare, iliyokuwa yetu sote tulipokuwa watoto: majani yamegeuka manjano na kuning'inia kuzunguka shina, na alipolikata shina moja tukaona michirizi ya kahawia ndani. Ni mnyauko, nao hauna dawa. Yale machipukizi manne yalitoka hapo kabla ugonjwa haujaonekana.

Sitadanganya kwamba uchungu wangu umekwisha, maana nilisimama pale nikiwa nao. Lakini mdogo wangu hakuniomba mimi. Aliinama kwa binti yangu, akamwomba chipukizi moja. Binti alifikiri, akasema atampa lile la upande wa ukuta, ambalo si mjukuu aliyemchagua. Tutalipeleka masika yakianza, nami nimemwambia mdogo wangu achimbe shimo mbali na mahali ilipokufa migomba ya zamani, kwa sababu ukungu wa mnyauko hukaa udongoni miaka mingi.